Kulea Makinda wa Njiwa Wakati wa Kipupwe



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, ukipita Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tegeta hukosi kuona nyumba yenye banda la njiwa uani. Wengi wa wafugaji ni vijana wa umri wetu. Kila ukifika mwezi wa Juni hadi Agosti swali huwa moja: mbona makinda wanakufa usiku? Jioni tunawaacha wazima, tukirudi kutoka Sala ya Alfajiri tunawakuta wamekufa kiotani. Tumeona tulieleze jambo hili, kwani vifo vingi vya namna hii vinazuilika.

BARIDI YETU NI IPI?

Mtu atasema Dar es Salaam hakuna baridi. Ni kweli, sisi si watu wa Njombe wala Makete. Lakini usiku wa Julai na Agosti joto la hapa hushuka hadi nyuzi 18 au 19 za Selsiasi, na mwili wa njiwa unahitaji nyuzi 41 hivi. Njiwa mkubwa ana manyoya ya kumtosha. Kinda hana, wala mwili wake bado haujaweza kujitengenezea joto la kutosha. Hapo ongeza upepo wa kusi unaopenya kwenye nyufa za mbao, na kiota kilicholowa. Unyevu na upepo ndivyo vinavyoua kuliko baridi yenyewe.

SIKU ZA HATARI

Njiwa hutaga mayai mawili. La pili huja baada ya siku moja na nusu hadi mbili. Huyaatamia kwa siku 17 hadi 19: baba hukaa mchana, mama hukaa tangu alasiri mpaka asubuhi. Makinda wakitoka huwa wamefumba macho, na chakula chao cha mwanzo ni maziwa ya njiwa, ambayo hutengenezwa ndani ya ule mfuko wa chakula ulio kooni. Subhanallah, baba naye anayo maziwa hayo kama mama!

Wiki ya kwanza wazazi hawatoki juu ya makinda. Hatari kubwa huanza kama siku ya 7 hadi ya 14. Wazazi huanza kuwaacha peke yao, hata usiku, na manyoya ya makinda bado ni kama vijiti tu. Aliyetoka yai la pili ndiye huwa mdogo na ndiye husukumwa pembeni wakati wa kula. Mara nyingi huyo ndiye anayekufa.

TUANDAE BANDA

Kusi huvuma kutoka upande wa kusini. Basi upande huo tuuzibe kwa mbao au gunia, na mlango utazame kaskazini. Tusizibe banda lote, kwa sababu hewa nzito ya mavi na unyevu huleta maradhi ya kifua. Tuache nafasi ya hewa juu, karibu na paa.

Kiota kiwe kwenye chungu kipana au kikapu, kisikae chini sakafuni. Tuweke maranda au nyasi kavu za kutosha, na tubadilishe kila zikilowa. Wazazi wapate mtama, uwele, mahindi yaliyopasuliwa na choroko, pamoja na maji safi, maana wao ndio jiko la watoto wao.

UKAGUZI WA MAGHARIBI

Kabla ya kwenda kuswali Magharibi, tuwapapase makinda kooni taratibu. Mfuko ukiwa umejaa na ni laini, kinda ana akiba ya kumfikisha asubuhi. Ukiwa mtupu, huyo ndiye atakayepoa usiku. Tumwondoe mkubwa aliyeshiba kwa muda, tumwache mdogo peke yake na wazazi wamlishe, kisha tuwarudishe pamoja wapeane joto. Tusiogope kuwagusa. Njiwa waliozoea watu hawamkatai kinda kwa sababu ya kushikwa.

AKIKUTWA AMEPOA

Hapa sisi wenyewe tulikosea. Mwaka jana tulimkuta kinda baridi kama jiwe, lakini anapumua. Tukamhurumia, tukakoroga uji haraka tukamnywesha. Kabla ya Adhuhuri akafa, na uji bado ulikuwa kooni, umechacha. Tulidhani njaa imemwua, kumbe tumemwua sisi kwa huruma isiyo na elimu. Kinda aliyepoa hawezi kusaga chakula. Kanuni ni hii: joto kwanza, chakula baadaye.

Tumshike viganjani, kisha tumweke ndani ya boksi lenye kitambaa, pembeni ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo ili isimchome. Tungoje mpaka mwili upate joto, aanze kutikisika na kulia. Hapo tumrudishe kwa wazazi wake. Tusiwashe jiko la mkaa bandani wala chumbani. Moshi wake huua ndege na watu pia.

Kama wazazi wamekufa na kinda bado hajafumbua macho, njia bora ni kumtia kwa njiwa wengine wenye makinda wa umri uleule. Akiwa na siku 10 na kuendelea, tunaweza kumlisha choroko zilizolowekwa zikalainika, zikiwa na uvuguvugu, chache chache, na tusiongeze mpaka za mwanzo zishuke kooni. Maziwa ya ng'ombe tusimpe, tumbo la ndege haliyawezi.

MWISHO

Imepokewa na Abu Daud kwamba Masahaba waliwachukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akipapatika. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemtia ndege yule uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Basi tukiwafungia njiwa bandani petu, tumechukua dhamana. Hawawezi kuhama upepo wala kutafuta kiota kikavu. Asiyeweza kukagua banda jioni na alfajiri, kipupwe hiki awatenge madume na majike wasitage, mpaka joto lirudi.

Wabillahi tawfiq.