Mnunuzi Si Mlaji: Biashara ya Kulisha Ndege wa Porini

Katika maduka ya bustani ya Uingereza na Marekani kuna rafu nzima za mifuko ya alizeti, karanga na nafaka ndogondogo. Wanaoinunua hawafugi kuku wala kasuku. Wanakwenda kuijaza kwenye vihori vilivyoning'inizwa mitini au kusimamishwa juu ya nguzo, ili ndege wa porini waje kula bure huku mwenye nyumba akiwatazama dirishani. Nchini Marekani, makadirio ya Idara ya Samaki na Wanyamapori yanaonyesha kwamba zaidi ya watu milioni 50 hulisha ndege kwa namna hiyo, na chakula peke yake huwagharimu takriban dola bilioni 4 kwa mwaka. Waingereza, ambao ni wachache zaidi, hutumia zaidi ya pauni milioni 200.

Soko hili lina jambo moja linalolitofautisha na masoko mengine ya vyakula vya wanyama: anayelipa hali, na anayekula halipi. Mfugaji wa kuku akiuziwa chakula kibovu atajua, kwani mayai yatapungua. Shomoro akichukizwa na chakula huruka akaenda kwa jirani, na mwenye bustani hudhani ndege wa mwaka huu ni wachache. Pengo hilo kati ya mnunuzi na mlaji limewatajirisha baadhi ya wafanyabiashara, na wengine limewafikisha mahakamani.

Kilichomo mfukoni

Kwa miaka mingi kampuni zilichanganya mifuko kwa kutazama bei ya nafaka. Mtama mwekundu, ngano na shayiri zilikuwa rahisi, zilijaza mfuko haraka, na rangi zake zilimpendeza mnunuzi. Ndege walizichakura na kuzitupa chini, zikaota magugu au zikaliwa na panya.

Hali ilibadilika mwaka 1980, wakati Aelred Geis, mtafiti wa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani, alipochapisha matokeo ya jaribio lililokuwa rahisi kulieleza. Aliwawekea ndege vyakula mbalimbali kila kimoja peke yake, kisha akahesabu nani alikwenda wapi. Alizeti ndogo nyeusi ya mafuta iliongoza kwa ndege wanaopenda kula juu ya matawi. Nafaka ndogo nyeupe ya proso, jamaa ya uwele, iliwavuta wale wanaookota chini. Vijazio vingi vya bei nafuu vilisuswa.

Mkulima wa Kanda ya Ziwa hatashangaa kuusikia mtama mwekundu kwenye orodha ya vilivyosuswa. Aina zenye tanini nyingi, zile chungu, hupandwa makusudi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ili ndege waziache shambani. Huenda ndege wa jaribio la Geis walikuwa na sababu zao nyingine, lakini somo la kibiashara halibadiliki: kampuni zilikuwa zikimuuzia mteja kitu ambacho mlaji hakitaki, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mlaji.

Alizeti nyeusi ikawa mfalme wa soko. Ganda lake ni jembamba, hata ndege mdogo hulipasua, na kiini chake kina mafuta mengi yanayompa nguvu ya kuvuka usiku wa baridi. Aina hiyo ilitokana na kazi ya watafiti wa Urusi ya Kisovieti waliokuwa wakitafuta mafuta ya kupikia. Leo majimbo ya North Dakota na South Dakota ndiyo yanayoongoza kwa kilimo cha alizeti Marekani, na wakulima wake wana milango mitatu ya kuuzia: kiwanda cha mafuta, soko la vitafunio na soko la ndege. Bei ikianguka mlango mmoja, hugonga mwingine. Kuitegemea alizeti kuna upande wake mchungu, maana Urusi na Ukraine ndizo zinazoongoza duniani kwa alizeti, na vita kati yao vilivyopamba moto mwaka 2022 vilipandisha bei hadi kwenye vihori vya vijijini Uingereza.

Mbegu kutoka Ethiopia

Bidhaa nyingine ya thamani katika rafu hizo hutoka jirani na kwetu. Ni mbegu nyembamba nyeusi ambayo Waethiopia huiita nug, na ambayo wameikamua mafuta ya kupikia tangu kale. Marekani huinunua Ethiopia, India na Myanmar kwa ajili ya ndege mmoja hasa, chiriku wa rangi ya dhahabu, anayependwa na wenye bustani kuliko karibu wote.

Haiingii hivihivi. Sheria za Marekani zinataka ichomwe kwa joto la nyuzi 120 za Selsiasi kwa dakika 15, ili kuua mbegu za magugu zilizochanganyika nayo, mlangamia ukiwa adui mkubwa. Mwaka 1998 chama cha wafanyabiashara wa chakula cha ndege cha Marekani kilisajili jina Nyjer kuwa alama ya biashara ya mbegu hiyo. Hivyo mkulima wa Ethiopia huuza nug, na thamani inayoongezwa na usafishaji, uchomaji, ufungashaji na jina hubaki kwa wanaofuata baada yake.

Faida ya chombo

Chakula huisha na hununuliwa tena. Chombo hununuliwa mara chache, lakini hapo ndipo ubunifu ulipoingia. Mwaka 1969 Peter Kilham wa Rhode Island alibuni kihori cha bomba la plastiki angavu lenye matundu ya kulia pembeni, na kampuni ya Droll Yankees ikakisambaza. Mtu aliweza kuona chakula kimebaki kiasi gani, na ndege wadogo wakala bila kusukumwa na wakubwa.

Kisha wakaja kindi. Mnyama huyo humaliza mfuko wa alizeti bila haya, na kumzuia kumekuwa biashara yenyewe: kuna vihori vinavyojifunga vikikanyagwa na kitu kizito, vyenye vizimba vya waya, na vyenye miavuli ya chuma. Jim Carpenter, aliyefungua duka lake la kwanza la Wild Birds Unlimited huko Indianapolis mwaka 1981, aliona kwamba mteja anahitaji mtu wa kumweleza ndege gani anakula nini na wapi. Kwa kuuza ushauri pamoja na mbegu, jina hilo leo liko kwenye maduka zaidi ya 300 Marekani na Kanada.

Pale ambapo ushauri haupo, mnunuzi huuziwa pambo. Mfano ni unga mwekundu wa nekta unaouzwa kwa ajili ya ndege wadogo wa Amerika wanaonyonya maua kama wafanyavyo chozi wetu. Sukari nyeupe ya jikoni, kipimo kimoja kwa vinne vya maji, inatosha kabisa. Rangi huwekwa kumfurahisha anayelipa.

Sumu na maradhi

Kesi iliyotikisa sekta ilimhusu mzalishaji mkubwa wa bidhaa za bustani, Scotts Miracle-Gro. Kati ya mwaka 2005 na 2008 kampuni hiyo iliuza chakula cha ndege kilichowekwa viuatilifu ili kisishambuliwe na wadudu ghalani, na kimojawapo kilikuwa na onyo kwamba ni sumu kwa ndege. Mwaka 2012 ilikiri makosa, na pamoja na makosa mengine ya viuatilifu ikalipa jumla ya dola milioni 12.5.

Karanga nazo zina hatari yake. Zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu wa sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Wauzaji makini wa Uingereza huzipima kabla ya kuziweka sokoni, na karanga iliyopimwa huuzwa kwa bei ya juu.

Swali gumu zaidi linahusu kulisha kwenyewe. Utafiti wa Shirika la Ndege la Uingereza, BTO, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mwaka 1973 nusu ya ndege wote waliofika vihorini walikuwa wa spishi mbili tu. Kufikia miaka ya 2010 idadi ya spishi zinazofikisha nusu hiyo ilikuwa imezidi mara tatu. Chiriku wa dhahabu wa Uingereza, aliyeonekana katika asilimia 8 ya bustani mwaka 1972, alifika asilimia 87. Lakini chiriku wa kijani wa huko huko aliingia kwenye orodha nyekundu mwaka 2021 baada ya kuteketezwa na ugonjwa wa vimelea unaoenea ndege wanapokula na kutemeana mate mahali pamoja. Mwaka 2025 shirika la uhifadhi wa ndege la RSPB, ambalo hujipatia fedha kwa kuuza chakula na vihori vya ndege, lilisitisha kuuza vihori bapa, kwa sababu chakula na kinyesi hukutana juu yake.

Afrika Mashariki ipo wapi?

Kwetu ndege mla nafaka ni hasara kwanza. Mwaka 2023 wakulima wa mpunga wa Kisumu walipambana na makundi ya kwelea kwelea, na watoto wengi wa vijijini bado hushinda shambani wakiwainga ndege. Hatutarajii mkulima huyo anunue kihori.

Anaweza, hata hivyo, kuuza. Singida na Dodoma zinalima alizeti, karanga zinalimwa kuanzia Mtwara hadi Tabora, na uwele ni nafaka ya kawaida ya sehemu kame. Mahitaji ya mafuta ya kula nchini Tanzania bado ni makubwa, kwa hiyo si busara kuipeleka ng'ambo alizeti ambayo viwanda vyetu vinaihitaji. Mlango ulio wazi ni wa mbegu iliyosafishwa, iliyokobolewa, iliyokaushwa vizuri na yenye cheti cha kupimwa sumukuvu. Mashine na maabara hizo hizo zitamnufaisha kwanza mlaji wa nyumbani, hata kama hakuna hata mfuko mmoja utakaofika London.

Miaka zaidi ya 40 tangu jaribio la Geis imethibitisha kwamba anayekula akiheshimiwa, anayelipa hurudi. Wenye vyama vya ushirika na viwanda vya mbegu wasisubiri mnunuzi wa nje awapangie viwango. Wanunue kipima unyevu, wapime sumukuvu kila msimu, na waandike kwenye mfuko kilichomo ndani yake.