Chumvi Kwanza, Injini Baadaye

Mtu akinunua gari la zamani la spoti, macho yake hukimbilia injini. Anafungua boneti, anachomoa kijiti cha oili, anauliza habari za kabureta, na moyo hautulii mpaka aisikie ikiunguruma. Ukiwa Arusha au Nairobi, haraka hiyo haina madhara makubwa. Unguja ina gharama, kwani huku injini ndiyo yenye subira kuliko sehemu zote za gari. Bloku ya chuma nene ikipakwa oili na kufunikwa vizuri inaweza kungoja miaka. Bati la sakafu lililokwisha kuliwa nusu halingoji hata masika moja.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari ambalo Afrika Mashariki ina haki ya kuliita lake. Nissan ilianza kuliuza mwishoni mwa 1969. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Kampala, akashinda nalo yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Mawe, vumbi na tope la bara, 240Z liliyahimili yote.

Bahari ni adui wa namna nyingine. Gari hili halina chasisi inayojitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Bati lake sehemu nyingi halifiki unene wa milimita moja, na nguvu yake inatokana na kukunjwa kuwa mihimili yenye uwazi ndani: chini ya sakafu, kwenye vizingiti vya milango, nyuma ya madigadi. Maji yenye chumvi yakiingia humo hayana pa kutokea. Nje utaona rangi inang'aa, ndani mhimili umebaki ganda. Gari la namna hiyo likigonga shimo kwa kasi linaweza kujikunja katikati, na milango ikakataa kufunguka watu wakiwa ndani.

Kutu ni kazi ya umeme mdogo mno. Sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni, sehemu nyingine huzipokea pamoja na oksijeni ya hewani, na maji yaliyo juu ya chuma hukamilisha njia. Maji ya mvua hupitisha umeme kwa shida, ya chumvi huupitisha kwa wepesi. Tena kloridi iliyomo ndani ya chumvi hupenya mpaka chini ya tabaka la kutu, ikajificha kwenye vishimo visivyoonekana kwa macho na kuendelea kula. Ndiyo maana gari lililopakwa rangi mpya mwezi wa Juni hutoa malengelenge kabla mwaka haujaisha, na mwenyewe akamlaumu fundi rangi ambaye pengine rangi yake haikuwa na kasoro.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani tunaliishi bila kulipigia hesabu. Chumvi hunywa maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kulowana unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Lakini chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, na hiyo hulowana unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Hewa ya Unguja, hata mchana wa kiangazi, kwa kawaida iko juu ya hapo. Maana yake, bati lenye chumvi hapa kwetu halikauki usiku wala mchana, hata ukiliweka ndani ya banda lisilovuja tone.

Basi mahali pa kufanyia kazi ni uamuzi wa kwanza. Upepo wa kusi unapovuma, mawimbi hupasuka kwenye mwamba wa mashariki na kurusha chembe za chumvi juu ya Paje, Jambiani na Makunduchi. Sogea bara ya kisiwa, Dunga au Mwera, hali inabadilika sana, kwani sehemu kubwa ya chembe hizo huanguka karibu na ufuko. Kama una jamaa mwenye banda shamba, muombe. Mji Mkongwe una taabu yake: vichochoro vingi havipitishi gari, na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini na kupandisha chumvi. Vyumba vyenyewe vilijengwa kwa kipimo cha boriti za mikoko, upana wa mita tatu hivi. 240Z lina upana wa mita 1.63, hata ungelipata mlango wa kuliingizia, ungebaki na nafasi ya kupita ubavu. Ninachoshauri ni kugawa kazi: bodi iwe shamba, injini na kabureta zipandishwe ghorofani mjini, kwenye meza iliyo mbali na ukuta.

Ukaguzi hauhitaji vyombo vya bei. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bodi nzima; pale isiponasa, chini yake kuna puti. Kisha ingia uvunguni na bisibisi uchokoe mihimili bila huruma. Usiogope kutoboa, kwa kuwa bati linalotoboka kwa bisibisi lilikwisha kufa. Tazama zaidi chini ya betri, ambako tindikali na chumvi hukutana, na mbele ya magurudumu ya nyuma.

Kuondoa kutu ndiko kunakotaka maarifa, na hapa kisiwa kina neema zake. Kwa vipande vinavyofunguka, kama mabano na bawaba, tumia molasi, masalia mazito ya miwa yanayobaki kiwandani, kama pale Mahonda. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji ndani ya pipa la plastiki, zamisha kipande, ukiache wiki moja mpaka mbili. Molasi hushika kutu na kuiyeyusha, chuma kizima haikigusi sana. Inanuka na inaita nzi, kwa hiyo pipa likae mbali na jikoni. Usitie humo aluminiamu wala kitu chenye zinki, vitaliwa.

Njia ya pili ni umeme. Yeyusha magadi katika maji, funga waya hasi wa chaja ya betri kwenye kipande chenye kutu, na waya chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Chuma cha pua usikitumie upande wa chanya, kwani hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na moto, kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Na zima chaja kabla ya kutia mkono. Springi na boliti ngumu zisiingie humo kabisa: haidrojeni hupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla.

Kwa bodi yenyewe ni brashi ya waya, grainda na msasa. Wapo wanaopuliza mchanga wa pwani kwa kompresa. Naomba sana wasifanye hivyo. Mchanga huo una chumvi, na kila chembe inaishindilia kloridi ndani ya bati lile lile unalotaka kuliokoa. Vumbi lake nalo halifai mapafuni.

Bati likishang'aa, lioshe kwa maji baridi mengi, tena na tena. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Ya kisima cha karibu na pwani mara nyingi yana chumvi, na kuoshea hayo ni kurudi nyuma. Baada ya hapo nina kipimo ninachokiamini: kausha bati, liache wazi usiku mmoja. Asubuhi madoa meusi au ya hudhurungi yatajitokeza, na penye madoa ndipo kloridi ilipobaki. Sugua hapo, osha, ngoja usiku mwingine. Kazi hii huchosha, lakini usiende kwenye kuchomelea kabla bati halijalala usiku bila doa.

Sehemu iliyooza ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, na kiraka kipya kikutane nayo ncha kwa ncha. Kulaza bati juu ya bati ni rahisi kwa fundi, ila kunaacha mwanya ambamo chumvi itajenga nyumba. Chomelea kwa nukta fupi, ukihama huku na huku ili joto lisilipinde bati.

Rangi ina msimu wake. Masika yawe ya kazi za mezani. Kupaka ngojea kiangazi, Januari na Februari. Hata hapo saa zina hesabu. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, umande huanza kutua kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24 kushuka chini. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba bati liwe juu ya kiwango hicho kwa nyuzi 3 angalau. Bati lililolala banda la wazi asubuhi bado ni baridi, na umande mwembamba usioonekana unaweza kuwa juu yake. Anza saa nne, jua likishalipasha. Tabaka la kwanza liwe praima ya epoksi moja kwa moja juu ya chuma, puti ije juu yake. Puti hunywa maji, na ikigusa bati tupu inayahifadhi kwa ajili ya kutu. Mwisho, pulizia nta ya maji ndani ya mihimili na vizingiti. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini si badala yake: ina tindikali za moshi, na hutiririka yote joto likipanda.

Ndipo ifike zamu ya injini. Ile ya 240Z ina silinda sita kwa mstari, ujazo wa sentimita 2,393 za ujazo, bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa, na njia za maji huzibwa na unga mweupe. Rejeta isitiwe maji ya kisima wala ya bomba, bali maji safi ya betri yaliyochanganywa na kulanti. Badilisha pia mipira yote ya petroli, hata inayoonekana mizima.

Gari likishatembea, kila ukirudi kutoka Paje au Nungwi lioshe uvungu kwa maji baridi jioni ile ile, ukianzia nyuma ya magurudumu, na uhakikishe matundu ya kutolea maji chini ya milango hayajazibwa na nta yako mwenyewe.