Damu Ipunguziwe Mbio

Msomaji wetu wa Handeni ameuliza swali zuri. Mimba ilipofika mwezi wa tano, kliniki walimwambia presha imeshuka na wingi wa damu umepungua. Akajifungua salama, na siku chache baadaye presha ikapanda. Mishipa ile ile imebadilije tabia namna hiyo?

Sehemu ya kwanza haina siri. Maji ya damu ya mjamzito huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, chembe nyekundu zisiweze kuyafikia, hivyo damu huzimuka. Ndiyo maana mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa na hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, badala ya 12. Mishipa midogo nayo hulegea mwili mzima, presha ikateremka. Basi, hayo tuyaache. Utamu wenyewe uko kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi.

Humo mna ateri nyembamba zilizojisokota, ambazo naziita ateri za hesi. (“Ateri pindapinda” ingefaa pia, ila kila nikiiandika naiona barabara ya kupanda Lushoto.) Mimba ikitunga, chembe za kondo la nyuma ziitwazo trofoblasti huziingia ateri hizo na kuzikwea kinyume cha mkondo wa damu. Kwanza hujikusanya na kuziba karibu njia yote, kwa hiyo wiki za mwanzo kiinitete hukua kwenye oksijeni haba, kikilishwa na majimaji ya tezi za mfuko wa uzazi. Kuelekea wiki ya 10 hadi 12 kizibo hulegea. Wakati huohuo trofoblasti huondoa misuli ya ateri na kuketi mahali pake. Mdomo wa ateri hutanuka mara kadhaa, na hauwezi tena kujibana hata mama akishtuka namna gani. Kijacho ameshaushika mlango.

Ungedhani mlango hupanuliwa ili damu iingie nyingi. La hasha, hupanuliwa hasa ili iingie polepole. Aliyelima mpunga kwenye skimu ya Mombo, wilayani Korogwe, atanielewa upesi. Maji yashukayo Usambara yakiingizwa kwenye jaruba kwa tundu jembamba, huruka kwa nguvu, yakang'oa miche, yakachimba shimo, kisha yakatokea upande wa pili kabla udongo haujanywa. Panua mdomo wa mfereji, maji yale yale yataingia kwa utulivu na kutandaa hadi kwenye miche ya pembeni kabisa. Mkulima mzoefu hayaachii maji yote mara moja juu ya miche michanga. Kondo nalo hufunguliwa ukingoni kwanza, katikati baadaye. Mwaka 2009 Graham Burton wa Cambridge na wenzake walikadiria kwamba ateri isiyotanuka ingemwaga damu kwa mwendo wa mita moja hadi mbili kwa sekunde, na iliyotanuka kwa takriban sentimita 10 tu. Mwisho wa mimba, mililita 600 hadi 700 hupita hapo kila dakika.

Mlango usipopanuka vizuri, kondo hupigwa na damu yenye mbio na kuumia, kisha humwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazobana mishipa yake midogo. Huo ni mzizi mmojawapo wa kifafa cha mimba.

Malaria nayo huingilia kati. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza kondo za akina mama wa Kenya, walionyesha kwamba vimelea hunasa humo kwa kushika sukari maalumu, kondroitini salfeti A. Dawa ya SP ya kukinga malaria huanza kutolewa kipindi cha pili cha mimba, na wengi huanza kliniki kazi ya trofoblasti ikiwa imeshafika mbali. Kwa hiyo mradi wa utafiti wa FOETALforNCD, wa taasisi ya utafiti wa magonjwa NIMR na Chuo Kikuu cha Copenhagen, uliwaandikisha wanawake wa Korogwe na Handeni hata kabla hawajashika mimba, kuanzia 2014. Ningependa kuona tafiti nyingi zaidi zikianzia hapo.

Kondo likitoka, midomo yote hubaki wazi. Inayoifunga ni misuli ya mfuko wa uzazi, iliyofumana na kuikaba mishipa inapojikunja. Sindano ya oksitosini baada ya kujifungua ni ya kuikazia kazi hiyo.

Sasa jibu lako, dada. Maji yaliyokuwa yamejaa mwilini hurudi kwenye mishipa, na mishipa nayo inaacha ule ulegevu wa mimba. Presha kwa kawaida hufikia kilele siku ya tatu hadi ya sita, wakati mama ameshaondoka wodini. Mara nyingi hutulia yenyewe. Lakini kikija kichwa kikali, macho kuona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, hata wiki ya tano, nenda hospitali usiku huohuo, na uwaambie kwanza kwamba umejifungua karibuni.