Kumchora Mtu Aliye Mbele Yako: Zoezi kwa Darasa la Wasifu

Katika kufundisha insha za wasifu tumekuwa tukikutana na tatizo moja ambalo, bila shaka, walimu wengi wanaosoma kijarida hiki wanalifahamu. Mwambie mwanafunzi aeleze sura ya mtu, naye atakuletea macho ya kikombe, meno kama mchele, pua ya upanga na mwanya. Maneno hayo ni mali ya lugha yetu na hatuyadharau. Lakini wanafunzi ishirini wakiyatumia, wote ishirini wanamweleza mtu yuleyule, tena mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ndiyo maana tumeonelea tueleze hapa jinsi wachoraji wanavyochora sura ya mtu aliyeketi mbele yao, na yaliyotupata tulipoijaribu kazi hiyo darasani hapa Bujumbura.

Tuanze na vitenzi, maana ndiyo kazi yetu. Kwa kamera tunapiga picha, na kupiga ni tendo la mara moja, limekwisha. Kuchora ni kitu kingine. Kitenzi hiki hutumika pia kwa kukata nakshi kwenye mbao, na fundi wa nakshi hamalizi mlango kwa siku moja. Anayechora mtu vilevile hurudi palepale mara nyingi.

Mchoraji humketisha mtu karibu na dirisha, mwanga umwangukie upande mmoja na upande wa pili ubaki kivulini. Mtu hukaa kama dakika ishirini au thelathini, kisha hupumzika, hunyoosha shingo, hunywa maji, ndipo anarudi. Mchoraji hufumba macho nusu ili aone kwanza sehemu kubwa za mwanga na za kivuli. Kope na nyusi zinangoja. Anayeanza kujifunza karibu kila mara huyaweka macho juu mno. Akinyoosha mkono na kupima kwa penseli, anakuta macho yako katikati ya kichwa, na kwamba nafasi iliyopo kati ya jicho na jicho inatosha jicho la tatu. Kosa hilo si la mkono. Mkono umechora kile ambacho mchoraji alidhani anakijua kabla hajatazama.

Darasani tulimwalika mzee mmoja wa Buyenzi, fundi cherehani, aketi mbele ya wanafunzi. Nusu yao walichora kwa mkaa, nusu waliandika. Baada ya dakika tano tulikusanya karatasi za kwanza. Nyingi zilisema: mzee, mweusi, mfupi, mpole. Zilipofika kwenye pua zilinyamaza, au kalamu ilikuwa imekata neno. Hatukuhitaji kuuliza sababu. Katika nchi hii pua si pua tu. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji wataalamu walipima pua na vichwa vya watu wa Ruanda-Urundi kwa vyombo vya chuma ili wawagawe kwa aina, na baadaye wapo waliouawa kwa jinsi sura zao zilivyosomwa na watu wasiowajua. Mwanafunzi anayeogopa kuandika "pua nyembamba" au "pua pana" ana haki ya kuogopa. Tuliwaambia wasiandike aina yoyote ya pua, bali waseme kivuli chake kinaangukia wapi. Kalamu zikaanza kutembea.

Hapa inafaa tumtaje Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1966. Alikwenda Zanzibar mwaka 1939 na tena mwaka 1945, akazunguka Kongo na Rwanda katika miaka ya 1940, akaandika kitabu kuhusu Kongo (1943) na kingine kuhusu Zanzibar (1948). Picha zake nyingi za Zanzibar alizitia katika fremu za mbao za nakshi za hukohuko. Mkono wake hauna ubishi. Mwaka 2011 picha yake ya mwaka 1945 iitwayo Arab Priest, yaani Kasisi wa Kiarabu, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Sasa msomaji wa Buyenzi atauliza mara moja: Uislamu una kasisi tangu lini? Je, alikuwa shehe, imamu, au mwalimu wa chuo? Mtu huyo aliketi, akatazamwa kwa saa nyingi, na jina la picha bado limekosea hata kazi yake, acha jina lake.

Huko Rwanda Stern alimchora pia malkia Rosalie Gicanda, mke wa Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa, ambaye alifia hapahapa mjini kwetu, ukiitwa Usumbura, tarehe 25 Julai 1959. Malkia aliuawa Butare Aprili 1994. Picha nyingine alizochora katika safari hizo zimebaki na jina la kabila peke yake. Zitazame, utaona mtu. Soma maandishi ya chini, utaona aina. Kwa maoni yetu brashi yake iliona zaidi ya kalamu yake, na sisi walimu wa kalamu tusilipite jambo hilo haraka.

Turudi kwa mzee wetu. Baada ya dakika arobaini karatasi zilikuwa zimebadilika. Mmoja aliona kwamba unyusi wa kushoto umepanda kuliko wa kulia. Mwingine aliandika kuwa mzee anabana midomo pembeni hata akicheka, akamwuliza sababu. "Pini, mwanangu," akajibu, "miaka yote nazishika hapa." Hakuna msamiati wa kitabuni ambao ungemfikisha mwanafunzi yule kwenye pini.

Lakini kosa letu nalo tuliseme. Mwanzoni tulikuwa tumemwomba avue kofia ili mwanga ulifikie paji la uso. Aliivua bila neno. Alipoonyeshwa michoro alizitazama zote polepole, akashukuru, kisha akasema: "Wanangu, mmenichora vizuri, ila huyu ni mimi nikiwa nalala." Tulikuwa tumemsalimu, tumemwuliza habari za nyumbani, na hatukufikiri kumwuliza anapenda aonekane vipi. Alikubali kurudi wiki iliyofuata na kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Safari hii yeye ndiye aliyechagua kiti, akakigeuza kidogo kuelekea mlangoni. Mwanga haukuwa mzuri sana. Tukachora hivyohivyo.

Jambo moja limebaki. Tumekosa neno moja lililozoeleka la kumwita mtu anayeketi ili achorwe. Darasani wengine walisema "mchorwa", wengine "mkaliwa picha", na mzee alipoulizwa alisema yeye ni "mgeni wenu". Wasomaji wenye neno linalotumika kwao watuletee ofisini.