Uendelee Kulipa Deni kwa Mafungu, au Uache?

Ndugu mkulima wa Mbulu na Hanang, ulikopa chama cha akiba na mikopo, ukashindwa, mkapatana ulipe kidogo kidogo kila mwezi. Sasa umechoka, wataka kuacha. Ngoja kwanza! Shika daftari: umekwishalipa ngapi, imebaki ngapi, riba je? Ukiacha kimya kimya, akiba za wadhamini wako zaweza kukatwa, nao ni majirani zako. Lakini kama unauza maksai wa kulimia ili upate rejesho, mpango huo haukufai. Mwakani utalima na nini? Basi nenda ofisini kabla ya tarehe ya kulipa. Eleza sababu: ukame, au tope kama lile lililoshuka Mlima Hanang Desemba 3, 2023. Omba rejesho lingoje mavuno ya mahindi au vitunguu saumu. Wakikubali, yaandikwe, nawe ubaki na nakala.