Kumlinda Nguva

Nguva ni mnyama gani?

Umekwisha kujifunza kwamba samaki hupumua kwa matamvua. Je, wanyama wote waishio baharini ni samaki? La, si wote. Nguva huishi baharini maisha yake yote, lakini si samaki. Hupumua kwa mapafu, kwa hiyo kila baada ya dakika chache hupanda juu ya maji ili avute hewa. Ana damu moto. Huzaa mtoto aliye hai na kumnyonyesha. Kwa sababu hizo nguva ni mamalia, kama walivyo ng'ombe, popo, nyangumi na binadamu.

Katika hadithi, nguva husimuliwa kuwa nusu mtu na nusu samaki. Nguva wa kweli ni mnyama mkubwa, mpole, mwenye mapezi mawili na mkia uliogawanyika kama wa pomboo. Urefu wake hufika mita 3, na uzito wake huweza kupita kilo 400. Hula nyasi za bahari, ambazo huota chini ya maji mahali pasipo na kina kirefu. Nguva mkubwa huweza kula kilo 40 za nyasi hizo kwa siku moja.

Kwa nini nguva wamepungua?

Zamani nguva waliwindwa kwa ajili ya nyama na mafuta. Siku hizi adui wao mkubwa ni jarife, yaani wavu mkubwa wa matundu mapana unaotegwa na kuachwa majini. Nguva akinaswa hawezi kupanda juu kuvuta hewa. Hufa maji, ingawa bahari ndiyo makao yake.

Nguva huzaana polepole sana. Mbuzi hubeba mimba kwa miezi 5. Nguva hubeba mimba kwa miezi 13 au 14. Huzaa mtoto mmoja, kisha huenda ikapita miaka 3 hadi 7 kabla hajazaa tena. Kwa hiyo wakinaswa nguva wachache tu kila mwaka, idadi yao hupungua. Leo nguva wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamo katika hatari kubwa ya kutoweka.

Bahari moja, nchi nyingi

Tazama ramani ya Afrika. Katika nchi yetu, nguva hupatikana katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Nchini Kenya hupatikana Lamu, na nchini Msumbiji hupatikana hasa katika visiwa vya Bazaruto. Nguva huweza kusafiri mamia ya kilomita. Mpaka wa nchi umechorwa katika ramani, lakini nguva hauoni.

Sasa fikiri. Nchi moja ikimlinda nguva na jirani yake akamwua, ulinzi huo utafaa nini? Ndiyo maana nchi zinazotumia bahari moja hazina budi kupatana.

Mwaka 1982 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulikubaliwa. Mkataba huo huipa kila nchi yenye pwani haki juu ya mali ya bahari hadi maili 200 za baharini. Pia huzitaka nchi zishirikiane kuwahifadhi mamalia wa baharini. Mwaka 1985 Mkataba wa Nairobi wa kuhifadhi bahari na pwani za eneo letu ulikubaliwa. Nguva ametajwa miongoni mwa wanyama wanaostahili ulinzi wa pekee. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 1996. Mwaka 2007 yalifanywa makubaliano mengine huko Abu Dhabi, ya kumlinda nguva pamoja na nyasi anazokula.

Tanzania, Kenya na Msumbiji zina sheria zinazokataza kumwua nguva. Ziko pia hifadhi za bahari, kama ile ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995.

Hata hivyo, sheria haina macho baharini, na askari wa doria hawezi kuwa kila mahali. Mvuvi ndiye anayejua wavu wake umetegwa wapi. Akiacha kutega jarife penye nyasi za bahari, nguva atapona. Akimkuta nguva hai wavuni, amwinue pua juu ya maji, aukate wavu, amwache aende zake.

Jambo la kufanya

Weka mbegu 20 za maharage katika sahani. Hao ni nguva 20. Tuseme kila mwaka huzaliwa 1 na hunaswa 2. Ongeza mbegu 1 na uondoe 2, kisha urudie. Baada ya miaka mingapi sahani itakuwa tupu? Anza tena na mbegu 20, lakini safari hii usiondoe hata moja. Baada ya miaka 10 utakuwa na mbegu ngapi?

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayoonyesha kwamba nguva si samaki.
2. Kwa nini nguva aliyenaswa chini ya maji hufa?
3. Eleza kwa nini sheria ya nchi moja peke yake haitoshi kumlinda nguva.
4. Mvuvi hupata hasara akiukata wavu wake ili kumwokoa nguva. Jadilini darasani jinsi kijiji kinavyoweza kumsaidia.