Kwa nini mnara wa spiriti hufurika mvuke ukizidi

BARABARA itokayo Nyamasaria, viungani mwa jiji la Kisumu, kuelekea mashariki hupita Ahero hadi ukanda wa miwa. Katika ukanda huo ndimo ilimo Muhoroni, ambako kampuni ya Agro-Chemical and Food iliundwa mwaka 1978 ili kutengeneza spiriti kutokana na molasi, ule uji mweusi unaosalia baada ya sukari kutolewa.

Molasi iliyochachushwa kwa hamira aghalabu huwa na spiriti isiyofika asilimia 10. Ili kuitenga na maji, viwanda vya aina hii hutumia mnara wa kukenekea: silinda ndefu ya chuma yenye masinia ya matundu yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mvuke hupanda kupitia matundu hayo, nao umajimaji huteremka sinia hadi sinia. Kwa kuwa spiriti huchemka kwenye nyuzijoto 78 na maji 100 (mjini Kisumu, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu 96), kila mvuke upandapo hatua moja huzidi kuwa na spiriti.

Msimamizi akitaka mazao ya haraka na kufungulia mvuke mwingi, umajimaji huzuiwa kushuka. Hujaa sinia baada ya sinia hadi mnara ufurike, na kileleni hutoka maji na uchafu badala ya spiriti safi. Mpishi wa chang'aa anayechochea kuni kupita kiasi hulijua jambo hilo: kangara hufoka hadi ndani ya mrija. Mvuke ukipungua mno nako ni hasara, kwani umajimaji huvuja matunduni na spiriti humwagwa pamoja na majitaka.

Molasi ina matata yake. Huumua povu linalobeba umajimaji juu hata kabla mvuke haujazidi. Chumvi za chokaa zilizomo huganda matunduni, mfano wa ukoko ndani ya birika la chai, hivyo mnara uliotulia mwezi jana huweza kufurika leo kwa mvuke ule ule.

Dalili huonekana kwenye geji: tofauti ya shinikizo kati ya chini na juu ya mnara hupanda ghafla. Dawa ni kupunguza mvuke, kuyaacha masinia yajimwage, kisha kuuongeza polepole. Kwa mfanyakazi aliyewekewa idadi ya lita kwa zamu, kurudi nyuma hivyo ni kugumu. Lakini akichelewa, spiriti iliyochafuka sharti ikenekwe upya, na boila huteketeza fueli mara ya pili kwa lita zile zile.